Miji ya Mafia Iliyohama

Wageni waendao Unguja au Lamu huonyeshwa mji mmoja mkongwe, wakazunguka vichochoro vyake siku mbili tatu na kurudi makwao wameridhika kwamba wameiona historia hapo ilipokaa. Mafia haimpi mgeni raha hiyo. Kisiwa hiki, kilichotandaa mkabala wa milango ya mto Rufiji, kina miji minne iliyopokezana ukubwa kwa muda wa takriban miaka 1000: Kisimani, kwenye rasi ya magharibi, Kua, katika kisiwa kidogo cha Juani, Chole, katika kisiwa kidogo zaidi chenye jina hilo hilo, na Kilindoni, ulio hai hata leo na usiojijali hata kidogo kwa uzuri. Asiyelifahamu jambo hili hutembea Mafia kwa huzuni, kwa kuwa kila aendako hukuta ukuta uliobomoka na mbuyu uliomea ndani ya nyumba ya mtu. Lakini alifahamuye huona jingine kabisa, kwamba katika kisiwa hiki mji haukuwa kamwe kitu cha milele, na kwamba bahari, ambayo mgeni huitazama kama pambo, ndiyo iliyokuwa ikitoa hukumu kila zama, wapi mji ukae na lini uondoke.

Njia ya kawaida ya watu wa kawaida huanzia Nyamisati, upande wa bara, ambako vyombo huondoka kwa kufuata maji kujaa, vikapita kwenye hori lenye mikoko kulia na kushoto hadi bahari ifunguke mbele yake. Abiria huketi pamoja na mifuko ya saruji, magodoro, matenga ya kuku na watoto waliolala kabla ya safari kuanza. Wakati wa kusi mlango huu huchafuka kiasi cha kumfanya mtu mzima azikumbuke dua zote alizofundishwa chuoni tangu utotoni. Katika maleleji, pepo zinapokuwa hazijaamua upande wa kuvuma, bahari hulala, na mtu aweza kudhani kwamba habari zote za dhoruba alizosimuliwa zilikuwa masihara ya mabaharia. Iko ndege pia, na kiwanja chake kimegusana na mji kiasi kwamba abiria aweza kushuka na kwenda zake sokoni kwa miguu. Ila yeye ajaye kwa ndege hukosa kuielewa Rufiji, na asiyeielewa Rufiji hawezi kuielewa Mafia.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu mto ule, ulio miongoni mwa mito mikubwa ya Tanzania, hushusha baharini tope la bara zima, na maji yake huitia giza pwani ya magharibi ya kisiwa ilhali pwani ya mashariki, inayotazama bahari kuu, ina maji mangavu juu ya matumbawe. Giza hilo ni rutuba. Ndani yake huzaliwa vijidudu visivyoonekana kwa jicho, dagaa hufuata vijidudu, na kuanzia mwezi wa Oktoba hata Machi huja karibu na Kilindoni papa potwe, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, mwenye urefu uwezao kupita mita 10, akifungua kinywa kama mlango wa ghala ili ameze vitu vidogo kuliko punje ya mtama. Hana meno ya kumdhuru mtu wala haja ya kufanya hivyo. Wavuvi wa dagaa wanamjua tangu zamani na humtazama kama alama, maana palipo na potwe pana chakula, na palipo na chakula pana dagaa. Wageni walipoanza kuja kutoka mbali na kulipa fedha ili kuogelea ubavuni mwake, wavuvi walistaajabu kwanza, kisha wakaanza kukodisha mashua. Mto huo huo, katika mafuriko yake, ndio unaosadikiwa kuwaleta Mafia viboko wachache waishio katika vidimbwi vya ndani ya kisiwa, wanyama ambao hakuna mtu angefikiri kuwakuta kisiwani.

Na Rufiji huenda ndiyo iliyozaa mji wa kwanza. Kisimani ilikaa kwenye ncha ya kisiwa iliyo karibu zaidi na delta, mahali ambapo chombo kitokacho Kilwa kwenda kaskazini kingeweza kupumzika, na ambapo boriti za mikoko, ambazo kwa karne nyingi majahazi yalizichukua kutoka delta hiyo kwenda kuezekea nyumba za Uarabuni na Ghuba, hazikuwa mbali. Tarikh ya Kilwa inaeleza kwamba Ali bin al-Hasan, mtawala anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika nasaba ya Washirazi, alimpeleka mwanawe kuitawala Mafia. Na sarafu ndogo za shaba zenye jina la mtawala huyo zimeokotwa hapo Kisimani, jambo linaloipa tarikh hiyo uzito ambao hadithi nyingi za namna hiyo hazina. Leo mgeni aendaye Kisimani huona kidogo sana. Bahari imekula ufuo mwaka hata mwaka, na sehemu kubwa ya mji imo majini. Yaliyobaki ni vigae mchangani, vya udongo wa hapa na vya nchi za mbali, ambavyo watoto huviokota bila kujua kwamba vilivuka bahari nzima kabla ya kuvunjika.

Kua ni habari nyingine. Ukitoka Utende, katika kisiwa kikuu, kwa mashua, ukaiacha Chole kando na kuufuata mkondo wa ndani, unaingia kwenye ufuo wa magharibi wa Juani kupitia mikoko, nawe huna budi kwenda maji yakiwa yamejaa. Yakitoka, chombo hukaa juu ya tope na utangoja mpaka yatakaporudi. Kisha unapanda, na magofu yanaanza kujitokeza moja moja kati ya miti: misikiti ambayo mihrabu zake bado zinaelekea kibla ingawa paa limekwisha anguka, makaburi, nyumba za mawe ya tumbawe na chokaa, na jumba kubwa la ghorofa ambalo wenyeji huliita kasri la mfalme. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu, kama zilivyo nyumba zote za mawe za pwani hii, kwa kuwa upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti moja ya mkoko. Mtu aweza kusimama katikati ya chumba hicho, akanyosha mikono na kujua kwa mwili wake ni mti wa namna gani uliokuwa juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Mimi sipendi magofu yaliyosafishwa mno, yakapandwa majani mafupi na kutiwa kamba; Kua bado ni mahame ya kweli, na mtu huisikia hivyo.

Ipo hadithi inayosimuliwa kisiwani kote kuhusu miji hiyo miwili. Watu wa Kua, inasemwa, walijenga jahazi kubwa, wakawaalika watu wa Kisimani kwenye karamu ya kulishusha majini; na furaha ilipopamba moto wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani mbele ya jahazi, likapita juu yao. Watu wa Kisimani hawakusema neno. Wakangoja miaka, mpaka jambo likaonekana kwamba limesahauliwa, kisha wakawaalika watu wa Kua kwenye harusi. Chumba cha wageni kilikuwa kimechimbwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja kwa udhuru huu na huu, akabaki mzee mmoja tu aliyekubali kufa pamoja nao, akiendelea kuwazungumzisha wageni huku mlango ukizibwa kwa mawe. Wakapeleka ujumbe Kua kwamba sasa hesabu imesawazishwa. Haukupita muda, bahari ikaja ikaimeza Kisimani.

Nilimwuliza nahodha aliyenipeleka, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe ambaye nilikuwa nimemwamkia shikamoo nikiwa bado ndani ya maji hadi magotini, kama yeye anaisadiki.

"Marahaba tena, mwanangu," akasema, kana kwamba swali langu lilikuwa salamu ya pili. "Kisimani imo baharini, na Kua imo mwituni. Sasa nani anamdai mwenzake?"

Nimeifikiri sana hadithi ile, na sioni haja ya kuuliza kama ilitokea. Miji miwili ya bandari iliyoko katika kisiwa kimoja, kila mmoja ukitamani majahazi ya mwenziwe, haikosi kuoneana kijicho. Na watu walioona ufuo ukiliwa na mawimbi, na ukubwa ukihama kutoka rasi ya magharibi kwenda Juani, walitaka sababu iliyo kubwa kuliko mkondo wa maji. Wakaitafuta katika jahazi na harusi, ambavyo ndivyo vitu viwili vikubwa kuliko vyote katika maisha ya watu wa pwani. Kilichonigusa zaidi ni kwamba msimulizi hakumpa ushindi mmoja wao. Angekuwa mtu wa Kua, angesema Kisimani ilizama kwa dhuluma yake. Lakini hadithi inaanza na dhuluma ya Kua yenyewe, na msikilizaji wa leo anajua mwisho wa Kua, ambao hadithi haikuutaja.

Mwisho huo haukuletwa na mawimbi. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuja Wasakalava kutoka Bukini, kwa mitumbwi yao yenye matengo, katika msafara mmoja wa ile misafara mirefu waliyoifanya kupitia visiwa vya Ngazija hadi mwambao wetu kutafuta mateka. Waliupiga mji, wakaua, wakachukua waliotaka kuwachukua. Hapa nalazimika kuipunguza kauli yangu ya awali: Kua haukuhama, uliuawa. Waliosalimika ndio waliohama, na utawala mpya, ambao sasa ulikuwa wa Sultani wa Unguja, ukakaa Chole, ndani ya ghuba, ambako miamba huuzuia mlango na adui hawezi kuingia asionekane.

Chole ulikuwa mji wa matajiri wa minazi. Waarabu wa Omani na jamaa zao walipata mashamba makubwa katika kisiwa kikuu, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Hili lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu mgeni anayepita leo chini ya minazi ya Mafia, iliyosimama kwa mistari isiyokwisha, aghalabu huusifia uzuri wake bila kuuliza ni mikono ya nani iliyoipanda ile ya kwanza. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaja pia, wakajenga maduka na hekalu lao. Mwaka 1890, kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ambayo hakuna mtu wa Chole aliyeulizwa, Mafia iliingizwa katika mali ya Wajerumani pamoja na pwani ya bara, na Sultani akalipwa fidia ya marki milioni nne. Wajerumani wakaifanya Chole makao yao, wakajenga boma na gereza. Gereza hilo lipo, au tuseme mabaki yake yapo: mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu imeshuka juu ya kuta, ikaingia madirishani, ikazishika nondo kama alivyokuwa akizishika mfungwa.

Kisha bahari ikatoa hukumu tena, mara hii bila ya damu. Meli za moshi zilihitaji kina ambacho Chole haukuwa nacho, na mwaka 1913 Wajerumani wakayahamishia makao yao Kilindoni. Hawakuyafaidi. Vita Vikuu vilipoanza, manowari yao iitwayo Königsberg ilijificha ndani ya milango ya Rufiji. Waingereza wakaiteka Mafia mwezi wa Januari 1915, wakaifanya kituo cha kuizingira, na ndege zilizoruka kutoka kisiwani zikawaonyesha wapiga mizinga mahali ilipo, hata tarehe 11 Julai mwaka huo ikaangamia mtoni. Kwa hiyo Kilindoni, uliokuwa mji wa miaka miwili tu, uliingia katika vitabu vya vita vya dunia kabla haujapata hata mti mmoja wa kivuli uliopandwa na watu wake. Mwaka 1922 Mafia ikawekwa chini ya Tanganyika.

Mgeni anapofika Chole leo hapati mji, hupata kijiji kilichokaa ndani ya mji, na kwa maoni yangu hii ndiyo hali bora zaidi ambayo gofu laweza kuomba. Njia ya mawe iliyokuwa ya sokoni hupitwa na wanawake waliobeba ukili wa kusuka mikeka. Mashamba ya mihogo na michungwa yamo ndani ya viwanja vya majumba. Mbuzi hulala penye baraza ya mtu aliyekuwa akihesabu marobota ya mbata. Na juu, kwenye miembe na miti mingine mikubwa, wananing'inia popo wale wakubwa wala matunda, kwa mamia, wakigombana mchana kutwa kama wapangaji wa nyumba moja. Popo hawa hawana ndugu bara. Jamii yao iko Ngazija, Bukini, Shelisheli, na kuendelea mashariki hadi nchi za Asia. Pemba ina aina yake ya pekee. Lakini ukivuka maili chache tu hadi pwani ya Afrika, humwoni hata mmoja. Yaani walikuja kwa njia ile ile ya Wasakalava, tena kabla yao kwa muda usiohesabika. Na ngalawa, ambayo kila mvuvi wa hapa huiona kuwa ya babu zake, ina matengo ambayo wanachuoni huyahusisha na mabaharia wa mashariki ya mbali, wale waliofika Bukini na kuacha lugha yao huko. Mafia, ambayo ramani huionyesha kama kipande kilichochopoka Afrika, imekuwa ikipokea kutoka kusini na mashariki zaidi kuliko tunavyozoea kufikiri sisi tulioifikia kutoka Dar es Salaam.

Ufuoni, si mbali na popo, mafundi bado wanajenga majahazi. Nililiona moja likiwa na mkuku na mataruma tu. Fundi hana mchoro wala karatasi. Huchagua mti uliopinda kwa maumbile yake, akaulinganisha kwa jicho na taruma la upande wa pili, akachonga kwa tezo mpaka aridhike. Mbao zikishakazwa, kalafati huingizwa katika kila ufa, pamba iliyotiwa mafuta, nayo ndiyo kazi inayotenganisha chombo na jeneza. Mtu aliyetoka kutazama kuta za Kua hufarijika kuiona kazi hii, kwa sababu ustadi wa kuchagua mti na kulisoma umbo lake ni ule ule uliopima vyumba vya kasri. Mawe ndiyo yaliyoachwa.

Upande wa mashariki wa Juani, ambako hakuna mji wala hapajapata kuwa na mji, kasa hupanda usiku kutaga. Makinda huanguliwa siku hamsini na kitu baadaye, na katika miezi ya kusi wageni hukaa mchangani jioni wakingoja yatoke. Tangu mwaka 1995 sehemu yote ya kusini ya Mafia, pamoja na Chole na Juani, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari, ya kwanza kuanzishwa Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 822; na wakazi hawakuhamishwa, wamo ndani yake pamoja na samaki. Mapatano haya yana manung'uniko yake, maana mvuvi aliyezoea kutupa nyavu popote hapendi kuambiwa wapi asitupe, na mwenye hoteli hupata faida mapema kuliko mwenye dau. Lakini matumbawe ya ghuba ya Chole yapo, na aliyewahi kuona matumbawe yaliyopigwa baruti, meupe na yamevunjika kama vigae, hatayadharau.

Limebaki jambo moja ambalo nilibishana nalo njiani kurudi Kilindoni, nalo ni miti iliyoshika magofu. Wako wasemao ikatwe yote, kwa kuwa mizizi hupasua kuta; na wako wasemao isiguswe, kwa kuwa ndiyo inayoleta wageni wenye kamera. Wote wana haki kwa kiasi. Mzizi mchanga hupasua. Lakini mzizi mkubwa, uliokwisha ukumbatia ukuta kwa miaka mingi, ndio unaoushikilia, na ukiukata ukaoza, ukuta hufuata. Kama ningeulizwa, ningeanzia Kua: ningeng'oa miche yote inayochipua juu ya kuta za misikiti na kasri kila baada ya masika, ningeiacha mibuyu na mikuyu mizee mahali ilipo, na ningeziba nyufa kwa chokaa iliyochomwa hapa hapa badala ya saruji, ambayo ni ngumu kuliko tumbawe na hulivunja. Kazi hiyo wangepewa vijana wa Juani kwa ujira wa kudumu, maana wao ndio wajuao maji yanajaa saa ngapi. Chole ningeiacha kwa sasa. Kuta zake zina watu wa kuziangalia, na mbuzi wao wanakula miche kabla haijawa miti.